Kurudi Sakafuni

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa hekalu na majirani, katika maadhimisho ya kuanzishwa kwa hekalu letu, Tabora



Kamati ya maadhimisho imetuomba sisi, kikundi kidogo kinachofanya mazoezi ya viungo asubuhi katika ukumbi huu, tuseme neno moja lenye manufaa. Katika siku kama ya leo ni desturi kuzungumzia historia ya jengo, ukarimu wa waliolijenga na matumaini ya wanaolirithi. Hayo yamekwisha kusemwa na waliotutangulia, tena kwa ufasaha kutuzidi. Sisi tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie jambo la chini zaidi, jambo la sakafu: kwa nini wengi wetu hatuwezi tena kuketi juu yake kwa raha, na kwa njia gani tunaweza kurudi.

Tazameni ukumbi huu wakati wa sala ya jioni. Wazee wetu wanakumbuka jinsi mikeka ilivyotandikwa kutoka mlangoni hadi mbele, na watu wote, mkubwa na mdogo, wakaketi chini pamoja. Leo viti vya plastiki vimepangwa ukutani, na safu ya kwanza imezaa safu ya pili. Viti havina kosa, wala ibada ya anayekaa kitini haipungui kitu. Lakini tunawafahamu wazee walioacha kuja kabisa, si kwa kupungukiwa imani wala nauli, bali kwa kuona haya. Wanaogopa kwamba wakishuka chini hawatainuka ila kwa kushikwa mikono miwili mbele ya watu; na wakikaa kitini wanajiona kama wageni katika nyumba yao wenyewe. Hao ndio tunaowasemea leo.

Tena jambo hili si la wazee peke yao. Wapo miongoni mwetu watu wa miaka 35 na 40 ambao wakiinama kugusa miguu ya wakubwa wao kwa heshima, mikono hukomea magotini. Wapo vijana wanaoshindwa kuchuchumaa pasipo visigino kuinuka. Na majirani zetu wametueleza hayo hayo: Mwislamu anayesikia mvuto nyuma ya paja anaporukuu, mkulima anayeshikwa kiuno msimu wa kupalilia, dereva anayeshuka kwenye lori akatembea hatua 20 za kwanza kama mtu aliyefungwa kamba.

Mji wetu una sababu ya pekee ya kuiheshimu miguu. Kabla ya reli, njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita hapa Unyanyembe, mahali ambapo wasafiri wa karne ya 19 walipaita Kazeh, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Mwendo wote unakaribia kilomita 1,200. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakaingia Kazeh tarehe 7 Novemba, baada ya siku zaidi ya 130. Wapagazi wa njia hiyo, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi, begani au kichwani. Burton mwenyewe, baada ya kuondoka Kazeh kuelekea ziwani, alipooza miguu kwa sababu ya homa, ikawa hana budi kubebwa kwa machela. Aliyekuwa na elimu ya lugha nyingi aliazima miguu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Watu wenye asili ya Bara Hindi nao walikuwamo katika njia hiyo. Hapa Kazeh aliishi mfanyabiashara Musa Mzuri, Khoja mwenye asili ya Surat, ambaye wasafiri wengi walimtaja kwa wema. Kule Unguja, nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Wabhatia wa Kachchh, ilisimamia ushuru wa forodha kwa niaba ya Sultani, na fedha za wafanyabiashara wa Kihindi ziligharimia misafara mingi. Kwa hiyo biashara ile ilisimama juu ya watu wa namna mbili: aliyetembea na aliyeketi. Lakini hata yule aliyeketi dukani alikaa chini, juu ya godoro jembamba, miguu ameikunja, akinyanyuka na kuketi tena kutwa nzima.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mzigo ukashuka begani mwa mpagazi. Baadaye duka likapata meza, meza ikaleta kiti, na kiti kikaleta kiti kingine: cha ofisi, cha basi, cha pikipiki, cha mbele ya runinga. Leo mjukuu wa mpagazi na mjukuu wa mwenye duka wamekutana mahali pamoja, nao ni kwenye kiti. Hatusemi haya ili kuyatamani maisha ya zamani. Wapagazi wengi walikufa njiani kwa ndui, njaa na uchovu, na hakuna mwenye akili atakayetaka kurudi huko. Tunachosema ni kwamba tulipoutua mzigo tuliacha pia mwendo, na mwili umeona tofauti.

Sasa tueleze kinachotokea ndani ya mguu. Nyuma ya kila paja ipo misuli mitatu mirefu. Inaanzia kwenye mfupa wa makalio, ule tunaoukalia, inapita nyuma ya nyonga na nyuma ya goti, na kushikamana na mifupa ya mguu chini ya goti. Kwa kuwa inavuka viungo viwili, ina kazi mbili: kulikunja goti na kulirudisha paja nyuma. Ili misuli hiyo ifike kwenye urefu wake kamili, ni lazima nyonga ikunjwe na wakati huo huo goti linyooke. Mtu anayekaa kitini hukunja nyonga, lakini na goti pia hulikunja. Basi saa baada ya saa, mwaka baada ya mwaka, misuli haifikishwi mwisho wa safari yake. Nao mwili huhifadhi kile unachotumia.

Siku mtu huyo anapoketi chini na kunyoosha miguu mbele, misuli iliyobana huushika mfupa wa makalio na kuuvuta. Fupanyonga hulala nyuma, na sehemu ya chini ya mgongo hupinda kama upinde. Ndiyo sababu anayesema mgongo wake hauwezi sakafu, mara nyingi kosa si la mgongo peke yake; mgongo unalipa deni la miguu.

Mapokeo ya yoga yaliliona jambo hili zamani. Neno lenyewe asana, ambalo siku hizi watu hulitumia kwa kila aina ya mkao, kwa asili yake ya Kisanskriti maana yake ni kukaa. Mkao wa kuketi na kuinama juu ya miguu iliyonyooshwa huitwa paschimottanasana, na ndani yake limo neno paschima, yaani magharibi. Anayesali huelekea mashariki, jua linakochomoza. Hivyo mgongo wake na upande wa nyuma wa miguu yake ndio magharibi ya mwili. Sisi wakazi wa Tabora, watu wa magharibi ya nchi hii, tunapaswa kulielewa neno hilo upesi. Magharibi ya mwili ni upande ambao mtu hauoni kwenye kioo, na kwa kawaida haukumbuki mpaka uume.

Tangu mwaka 2015, tarehe 21 Juni huadhimishwa kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, kwa azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la Desemba 2014. Ni siku njema. Hata hivyo, picha zake huonyesha watu waliolaza vichwa juu ya magoti, na mtu mwenye mwili mgumu akiziona hukata tamaa kabla hajaanza. Picha hizo zinaonyesha Ujiji. Sisi tunataka kuzungumza juu ya kituo cha kwanza baada ya Bagamoyo.

Kuna methali inayotumiwa sana kuwavunja moyo watu wazima: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli katika malezi, na wazazi waishike. Lakini inapotumiwa juu ya mwili wa mtu mzima, tunaomba kuipinga kwa heshima. Samaki aliyekauka amekwisha kufa. Hakuna damu inayopita ndani yake. Mwanadamu wa miaka 70 angali hai, damu inapita katika misuli yake mchana na usiku, na misuli hiyo hujibu inapoombwa. Hujibu polepole kuliko ya kijana, lakini hujibu. Mfano unaotufaa zaidi sisi watu wa huku ni michembe. Mchembe mkavu ukiukunja kwa nguvu huvunjika. Uuloweke, uupashe moto kwa subira, hulainika. Siri ni maji, moto na muda. Nguvu haina kazi hapo.

Wataalamu wa viungo wamegundua jambo jingine la kutia moyo. Katika wiki za mwanzo za kunyoosha, mabadiliko mengi hayatokani na msuli kurefuka. Yanatokana na ubongo na mishipa ya fahamu kuzoea ule mvuto na kuacha kuuona kuwa ni hatari. Msuli uliobana, kwa sehemu kubwa, ni mlinzi mwoga. Ukimvamia hufunga mlango kwa nguvu zaidi. Ukimjia kila siku kwa upole, hukuzoea na kukufungulia. Kwa hiyo anayejivuta kwa kurukaruka na kusaga meno anajifanyia kazi ya kinyume.

Sasa tuyaeleze mazoezi yenyewe, kama tunavyoyafanya hapa asubuhi. Hayahitaji vifaa vya kununua. Yanahitaji mkeka, kanga au shuka, kiti imara, ukuta na mpini wa jembe.

Kabla ya yote, upashe mwili joto. Tembea kwa dakika tano hadi kumi, uani au barabarani chini ya miembe, mpaka usikie damu imechangamka. Usinyooshe mguu baridi mara utokapo kitandani.

Zoezi la kwanza ni la kulala chali. Lala mkekani, goti moja limekunjwa na unyayo wake uko chini. Pitisha kanga kwenye unyayo wa mguu wa pili, shika ncha zake kwa mikono miwili, na uinue mguu huo taratibu kuelekea juu. Goti likitaka kukunjika kidogo, liache likunjike. Ukifika mahali unapohisi mvuto ulio wazi lakini usio maumivu, simama hapo na upumue. Kijana akae hivyo kwa sekunde 30; mtu aliyepita miaka 60 anaweza kukaa hadi sekunde 60. Rudia mara mbili au tatu kila mguu. Hilo ndilo zoezi salama kuliko yote kwa anayeanza, kwa sababu sakafu inaushika mgongo na kuuzuia usipinde.

Zoezi la pili ni la kitini, nalo tunawapa zawadi wenye maduka na makarani. Keti ukingoni mwa kiti kisichoteleza. Nyoosha mguu mmoja mbele, kisigino kikiwa chini na vidole vikitazama juu. Weka mikono juu ya paja la mguu mwingine, nyoosha mgongo, kisha ulete kifua mbele kutoka nyongani. Si kichwa kinachoshuka. Ni kitovu kinachosogea mbele. Mvuto utausikia nyuma ya paja mara moja, na mteja akiingia hatajua unafanya mazoezi.

Zoezi la tatu tumejifunza kwa majirani zetu wakulima. Watazameni kina mama wa Kinyamwezi wanaojua kazi wanapopalilia karanga au viazi. Wanainama kutoka nyongani, mgongo umelala kama meza, magoti yamelegea kidogo. Sisi wa mjini tunainama kutoka kiunoni na kuupinda mgongo. Chukua mpini wa jembe, uuweke nyuma yako uguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio. Rudisha makalio nyuma kana kwamba unataka kuufunga mlango kwa nyuma yako, na uiname huku mpini ukiendelea kugusa sehemu zote tatu. Ukiachana na mpini mahali pamoja, umefika mwisho wako wa leo, rudi juu. Fanya mara kumi polepole.

Zoezi la nne ni la shavu la mguu, kwa maana anayeshindwa kuchuchumaa mara nyingi amefungwa huko. Simama ukitazama ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino kimekanyaga chini na goti limenyooka. Sogeza mwili mbele mpaka usikie mvuto. Kaa sekunde 30, kisha ulegeze goti hilo kidogo na ukae tena sekunde 30. Badilisha mguu.

Zoezi la tano ni la nguvu, na wengi hulisahau. Msuli dhaifu huogopa kurefuka. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, kisha uinue makalio mpaka mwili uwe kama daraja kutoka mabegani hadi magotini. Hesabu hadi tano, shuka taratibu. Anza na mara nane. Kunyoosha bila kutia nguvu ni kufungua mlango usio na bawaba.

La mwisho si zoezi, ni desturi: keti chini kila siku. Usianze na sakafu tupu. Kunja blanketi mara nne, ulikalie kwa makalio tu, miguu imekunjwa mbele yako. Blanketi hulinyanyua fupanyonga, na mgongo husimama wenyewe bila kulazimishwa. Keti dakika tano unaposoma, unapochambua mchele au unapozungumza na wajukuu. Baada ya wiki kadhaa punguza kunjo moja. Na wakati wa kuinuka, usione haya kutumia njia ya wenye hekima: geukia upande, piga magoti, weka mikono juu ya kiti imara, tanguliza unyayo mmoja, kisha simama.

Haya yafanyike siku ngapi? Kwa uchache siku mbili au tatu kwa wiki; kila siku ni bora zaidi. Dakika 15 zinatosha. Anayefanya dakika 15 kila siku atamwacha mbali anayejitesa saa nzima siku ya Jumapili peke yake. Msafara haukufika Ujiji kwa siku moja ya kukimbia. Uliamka kabla ya jua, ukatembea mwendo wake, ukapiga kambi jua lilipokuwa kali, na kesho yake ukaondoka tena. Mpeni mwili wenu wiki sita hadi nane kabla ya kutoa hukumu. Ili kupima maendeleo, keti kitini kama tulivyoeleza katika zoezi la pili, angalia ncha ya vidole vya mkono inafika wapi kwenye mguu ulionyooka, uandike tarehe. Pima tena baada ya mwezi, na usijipime kwa jirani.

Tunapaswa pia kusema waziwazi ni nani asianze bila kumwona daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo. Maumivu yanayotoka kiunoni yakashuka chini ya goti, ganzi, au hali ya kuchomwachomwa kama sindano, hayo si misuli iliyobana; huenda ni mshipa wa fahamu umebanwa, na kuuvuta huuchokoza. Mvuto wa msuli husikika katikati ya paja. Ukiusikia nyuma ya goti kabisa au chini ya unyayo, legeza. Anayeshindwa ghafla kuzuia haja ndogo au kubwa, au aliyekufa ganzi sehemu za siri pamoja na maumivu ya mgongo, aende hospitali siku hiyo hiyo. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma, lisikandwe wala lisinyooshwe. Huenda damu imeganda ndani, nalo pia ni jambo la hospitali. Wenye shinikizo kubwa la damu na wenye matatizo ya macho wasiinamishe kichwa chini ya kiwango cha moyo. Waliopungukiwa uimara wa mifupa wasiinamie mbele kwa mgongo uliopinda. Wenye kisukari wakague nyayo zao kabla na baada, kwa kuwa ganzi huficha jeraha.

Vijana wetu wa mpira nao wana neno lao. Mnawaona uwanjani: mchezaji anakimbia kasi, ghafla anashika nyuma ya paja na kuanguka kama aliyepigwa jiwe. Kunyoosha peke yake hakumlindi sana. Kabla ya mchezo akimbie polepole, arushe miguu mbele na nyuma, aongeze kasi kidogo kidogo. Na kati ya wiki afanye zoezi hili: apige magoti juu ya kitu laini, mwenzake amshike vifundo vya miguu, kisha ajishushe mbele polepole kadiri awezavyo mwili ukiwa umenyooka, na mikono impokee chini. Tafiti zilizokusanywa kutoka timu nyingi zimeonyesha kwamba programu zenye zoezi hili hupunguza majeraha ya nyuma ya paja kwa takriban nusu. Halina gharama yoyote, na kiwanja cha nyasi kinatosha.

Huenda mmoja wenu akauliza: katika mji wenye mahitaji mengi, kwa nini tuhangaike na jambo dogo kama kukaa chini? Tunajibu hivi. Watafiti wa Brazil waliwapima watu wapatao 2,000 wenye umri wa miaka 51 hadi 80, wakiwaomba waketi chini na kuinuka kwa msaada mdogo iwezekanavyo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, walioweza kwa urahisi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa hai miaka iliyofuata kuliko walioshindwa. Hatusemi kwamba sakafu inarefusha maisha kama dawa. Tunasema kwamba kitendo hicho kimoja hukusanya nguvu, mizani na ulaini wa viungo, na kwamba anayekipoteza amepoteza mengi pamoja nacho. Mzee asiyeweza kuinuka kutoka chini akianguka usiku, atalala pale mpaka asubuhi. Mzee asiyeweza kuchuchumaa hawezi kusafiri kwenda kijijini kumzika nduguye, kwa kuwa choo cha huko kinamtisha. Haya si mambo madogo. Ni uhuru wa mtu, na ni heshima yake.

Tena ipo sababu ya ujirani. Sakafu ni mahali ambapo dini zetu zinakutana bila kuhitaji hotuba. Sisi tunaketi mkekani kwa bhajani. Mwislamu anasujudu juu ya mswala wake. Mkristo anapiga magoti. Bibi wa Kinyamwezi anaketi jamvini na kuwasimulia wajukuu. Viungo vinavyohitajika ni vile vile. Asubuhi tunapolala chali katika ukumbi huu, kila mmoja na kanga yake kwenye unyayo, hakuna awezaye kutambua nani ni nani kwa kutazama miguu.

Kwa hiyo hatuombi viti viondolewe. Tunaomba mambo matatu. Kwanza, kamati itandike tena mikeka sehemu ya mbele, na kuweka mablanketi yaliyokunjwa na viti viwili imara kando yake, ili mwenye kushuka awe na kitu cha kuinukia. Pili, kila nyumba iliyo na mzee aliyeacha kuja, mmoja wenu ajifunze zoezi la kwanza na la pili hapa, ayapeleke nyumbani, ayafanye pamoja naye kwa wiki nane. Asimwambie mzee afanye. Alale mkekani kando yake. Tatu, majirani wote wajue kwamba mlango wa ukumbi huu uko wazi kwao Jumanne na Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hakuna ada, na hakuna atakayeulizwa dini wala kabila. Njooni na kanga, na nguo isiyobana.

Katika maadhimisho ya mwakani, Mungu akipenda, hatutahitaji kuwatolea hotuba nyingine. Itatosha kuwahesabu waliorudi kuketi mbele, na hasa kuwaona tena wale ambao leo nafasi zao ziko wazi.

Na sasa, kwa kuwa mmekaa muda mrefu, tunawaomba msimame mjinyooshe kabla ya kupokea prasadi.